Sikio la mti ni la ukoo gani?

Mwezi huu naomba tuongee juu ya kitu ambacho kila mtu amekiona na karibu hakuna aliyekiuliza jina lake. Ni ule uyoga mgumu unaoota ubavuni mwa mti au kwenye kisiki. Hauna mguu. Umekaa kama nusu ya sahani iliyobandikwa kwenye gogo. Mwingine ni wa kahawia na unang'aa juu kama umepakwa vanishi. Mwingine ni mwembamba na rangi yake ni ya chungwa lililoiva. Mwingine ni mweusi, mgumu kama kwato la ng'ombe, hata kisu kinateleza. Wanafunzi wangu wanauita sikio la mti, na mimi nitafuata jina hilo, maana linaeleweka.

Msiseme mwalimu amekosa habari za kuandika. Tulikuwa kwenye somo la makundi ya viumbe hai, nikawaomba watoto walete kitu chochote kilicho hai au kilichokuwa hai. Wengi walileta majani, panzi, manyoya ya kuku. Mtoto mmoja wa darasa la tano akaleta sikio la mti kubwa kama kiganja, la kahawia na la kung'aa. Hakuuliza ni kundi gani. Aliuliza, "Mwalimu, hii ndiyo ile dawa ya kwenye kopo anayonunua bibi? Kama ndiyo, naenda nayo nyumbani tuichemshe, tusilipe tena."

Swali hilo lina akili kuliko maswali mengi ya mtihani. Ndani yake kuna pesa ya familia, kuna afya ya bibi, na kuna jambo ambalo shuleni tunalipita haraka haraka, yaani uainishaji: nani ni wa ukoo gani, na nani anasema hivyo. Kumjibu mtoto yule vizuri lazima tuanze mbali kidogo.

SIO MMEA

Darasa liligawanyika. Nusu walisema ni mmea kwa sababu linaota. Wachache walisema ni ugonjwa wa mti. Mmoja akasema ni mfupa, na mimi nikaona hata yeye ana sababu zake.

Watu wa sayansi nao walisema mmea, kwa muda mrefu sana. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi, yule aliyetuzoesha kumpa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini, aliweka uyoga wote ndani ya kitabu chake cha mimea. Walikaa huko zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Whittaker alipendekeza mpango wa himaya tano, na kuvu wakapewa himaya yao wenyewe, mbali na mimea na mbali na wanyama. Ndiyo mpango ulioingia kwenye vitabu vingi vya shule.

Sababu ni rahisi kuona. Sikio la mti halina jani na halina rangi ya kijani, kwa hiyo haliwezi kujipikia chakula kwa jua kama muhogo au maharage. Linakula, kama sisi. Ila sisi tunaweka chakula ndani ya tumbo ndipo tukisage, na lenyewe linafanya kinyume: linatoa maji yake ya kuyeyusha nje, kwenye mbao, halafu linanyonya kilichoyeyuka. Ngozi ya chembe zake ina kitu kinaitwa kitini, ambacho ndicho kinachofanya ganda la panzi na mende liwe gumu. Mimea haijengi hivyo. Tena, toka miaka ya 1990, wataalamu walipoanza kulinganisha vinasaba, ilionekana kwamba kuvu na wanyama wana babu wa karibu kuliko kuvu na mimea. Kumbe sikio la mti ni ndugu wa karibu zaidi wa mbuzi anayepita chini ya mti kuliko wa mti wenyewe! Watoto walicheka sana. Lakini ndivyo ilivyo.

Jambo la pili kabla hatujaendelea. Kile mnachokiona nje ni tunda tu. Kuvu mwenyewe yuko ndani ya mbao, nyuzi nyembamba kuliko unywele zimetambaa kila upande, pengine kwa miaka mingi kabla tunda halijatoka. Kazi ya tunda ni kumwaga spora, ile vumbi laini ambayo ni kama mbegu, na tunda moja kubwa linamwaga spora kwa mabilioni. Kwa hiyo mtu akilikata sikio na kulitupa akasema ameuponya mti, amefanya kama aliyechuma embe akadhani ameng'oa mwembe. Mtarudi kulikuta hili baadaye, kwenye habari ya miti iliyo karibu na nyumba.

KADI MOJA, KOO NYINGI

Si mnajua siku za uhakiki, tunapopanga mstari na karatasi zetu mkononi? Karani anaandika anachokiona: watu sita, nyumba moja, sufuria moja. Kumbe mmoja ni mtoto wa dada aliyeachwa njiani, mwingine ni jirani wa kijijini aliyekimbia nao, na ndugu wa damu kabisa yuko kwenye kadi nyingine upande wa pili wa kilima. Kadi si ya uongo, ni kweli wanakula pamoja. Ila ukitaka kujua nani ni damu ya nani, kadi haitoshi.

Masikio ya mti yalipatwa na hilo hilo. Geuza sikio moja uangalie chini. Badala ya zile kurasa nyembamba zilizo chini ya uyoga wa kawaida, mengi yana vitundu vidogo vidogo, kama mtu amechoma kwa sindano maelfu ya mara. Linnaeus alitumia jina moja, Boletus, kwa uyoga wenye vitundu. Mwaka 1821 Mswidi mwingine, Elias Fries, alianza kuchapa kitabu kikubwa kilichopanga uyoga kwa umbo la sehemu ya chini: wenye kurasa huku, wenye vitundu huku, wenye miiba huku. Wenye vitundu wa kwenye miti wakakaa wengi chini ya jina Polyporus, maana yake matundu mengi. Nyumba moja, sufuria moja. Na kwa kazi ya porini mpango ule ulifaa sana, kwa sababu mtu alihitaji macho yake tu.

Shida ilikuja hadubini zilipoboreka. Watu wakaanza kupima spora, unene wa nyuzi, na jinsi nyama ya uyoga inavyobadilika ukiitonesha dawa ya potasi kali. Kuna masikio ya kahawia ambayo yakitoneshwa yanageuka meusi hapo hapo, na mengine yanabaki vile vile. (Hiyo ni dawa ya maabara, inaunguza ngozi, watoto msiiguse.) Wale wanaogeuka weusi wengi wakawekwa pamoja, na leo wako kwenye oda inayoitwa Hymenochaetales. Halafu vikaja vinasaba, na ile nyumba ya Fries ikabomoka kabisa. Wengi wa masikio wamebaki kwenye oda ya Polyporales. Wengine wako Hymenochaetales, wengine Gloeophyllales, na wengine wameonekana ni damu moja na uyoga wa kawaida wa kurasa. Umbo la rafu ubavuni mwa mti lilitokea zaidi ya mara moja, kwa koo mbalimbali, kwa sababu ni umbo linalofaa: linazuia mvua isilowanishe vitundu, na linaacha spora zidondoke zikachukuliwe na upepo.

Mambo mawili hapa yalinifurahisha, na mama zetu watayapenda kwa sababu yanahusu chungu. La kwanza: uyoga mamama, ule unaopandwa kwenye vifuko ambavyo hapa Rwanda vinaitwa imigina, unaota ubavuni kama sikio, hauna mguu wa maana, unakula mbao na mabua. Ungedhani ni ndugu wa masikio. Sio. Uko oda moja na uyoga wa kawaida wa kurasa, Agaricales. La pili ni kinyume chake. Kuna uyoga mweupe wenye magamba madogo juu, mgumu kidogo kutafuna, unaoota kwenye magogo na unaliwa sehemu nyingi za Afrika, hata Kongo kwetu. Jina lake ni Lentinus squarrosulus. Una kurasa safi kabisa chini, hauna hata tundu moja. Na bado kwa damu ni wa familia ya Polyporaceae, ndugu wa yale masikio magumu. Mtoto wa dada na ndugu wa damu, kila mmoja kwenye kadi isiyo yake.

Ukitaka kuona jina linavyohama, chukua lile sikio jembamba la rangi ya chungwa. Liko sehemu nyingi za joto duniani, na kwenye visiki vilivyopigwa na jua ndipo linapopenda. Mwaka 1763 Linnaeus aliliita Boletus sanguineus, yaani la rangi ya damu. Baadaye likaingia Polyporus. Mwaka 1904 Mmarekani Murrill akaliita Pycnoporus sanguineus, na vitabu vingi bado vinaandika hivyo. Siku hizi wataalamu wengine wanalihesabu ndani ya Trametes, kwa sababu vinasaba vinaliweka katikati ya ndugu hao. Sikio lenyewe halijabadilika hata unywele. Angalieni kitu kimoja: neno la pili, sanguineus, limebaki naye kila alikohamia, limebadilika mwisho tu pale sarufi ya Kilatini inapotaka. Linnaeus alishakufa zamani, ila lile neno lake bado linatumika.

Afrika Mashariki tuna kitabu chetu pia. Mwaka 1980 Leif Ryvarden na Inger Johansen walichapisha huko Oslo, Norwei, kitabu kinene juu ya uyoga wa vitundu wa Afrika Mashariki. Kwenye jina la kitabu wameandika kwamba ni cha awali tu. Mimi napenda neno hilo, maana walijua kuna mengi hayajaokotwa. Na kweli, mwaka 2005 aina mbili mpya za masikio zilitangazwa kutoka misitu ya milima ya Ethiopia, moja ikapewa jina la nchi yenyewe, Fomitiporia aethiopica. Misitu ya milima haiko Ethiopia tu. Nyungwe iko, Kahuzi iko, Itombwe iko.

NA LILE LA KWENYE KOPO

Sasa tumfikie yule mtoto na kopo la bibi yake.

Sikio alilolileta, kwa jinsi nilivyoliona, ni la jenasi ya Ganoderma. Jina hilo linatoka Kigiriki, maana yake ngozi inayong'aa. Lilitolewa na Mfini Petter Karsten mwaka 1881. Alama yake kubwa haionekani kwa macho: spora zake zina kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Aina ya kwanza kupewa jina la jenasi hiyo ilikuwa imeandikwa na Mwingereza William Curtis mwaka 1781, kutoka kwao Uingereza, na leo inaitwa Ganoderma lucidum. Shikeni jina hilo, maana ndilo lililoandikwa kwenye makopo mengi, kwenye vidonge, hata kwenye pakiti za kahawa zinazouzwa Afrika Mashariki nzima.

Wachina na Wajapani wametumia sikio la kung'aa kama dawa kwa karne nyingi. Wachina wanaliita lingzhi. Wataalamu wa Ulaya walipoliona lile la China, waliona linafanana na la Curtis, wakalipa jina lile lile. Tena kadi moja. Vinasaba vilipokuja, ikaonekana la China ni kitu kingine. Mwaka 2012 wataalamu wa Asia wakalipa jina lake, Ganoderma lingzhi, ingawa wengine wanabishana kwamba kuna jina lililotangulia, la mwaka 1983. Mwaka 2018 watafiti huko Marekani wakanunua bidhaa madukani, nyingi zikiwa zimeandikwa lucidum, wakapima vinasaba vyake. Karibu zote zilikuwa lingzhi. Lucidum yenyewe hawakuikuta hata kwenye moja.

Mtasema, basi si afadhali, wamepewa la Wachina lenyewe? Pengine. Lakini fikirini. Kama kiwanda kikubwa chenye maabara kinaandika jina la ndugu mwingine juu ya kopo, mimi na wewe tunajuaje kwamba sikio la kwenye kisiki cha Kinyinya ndilo lile? Masikio ya Afrika yana aina zake za Ganoderma, zingine zilipewa majina majuzi tu, na zingine zinafanana kiasi kwamba hata mtaalamu hazitambui bila hadubini. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza la mtoto: hapana, hatuwezi kusema ndiyo ile. Ni ya ukoo huo, kama vile mtu na binamu yake ni wa ukoo mmoja. Na huwezi kumpeleka binamu akapokee mgao kwa alama za vidole vyako.

Swali la pili, je ile ya kwenye kopo yenyewe inatibu? Wauzaji wanasema inatibu presha, sukari, kansa, na tumbo. Kundi la Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote yaliyofanyika na kuyapima, walitoa taarifa mwaka 2015 juu ya Ganoderma kwa watu wenye hatari ya ugonjwa wa moyo, hasa wenye sukari ya aina ya pili. Walipata majaribio matano tu yaliyofaa, yenye jumla ya watu 398. Hayakuonyesha kwamba inashusha presha, wala sukari, wala mafuta ya damu kwa namna ya kuaminika. Kwa kansa walishasema kwamba ushahidi hautoshi kuitumia kama tiba ya kwanza.

Ninaandika hili kwa uchungu kidogo. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima anayeishi na wajukuu, alitembelewa na muuzaji anayepita nyumba kwa nyumba. Alikuwa na picha nzuri na maneno matamu. Mama yule akatoa pesa ya chakula akanunua kopo, na kibaya zaidi, akaacha vidonge vyake vya presha ambavyo anapewa bila kulipa, kwa sababu aliambiwa eti viwili havichanganywi. Wiki ya tatu alianza kuumwa kichwa na kuona kizunguzungu mpaka akashindwa kubeba jerikani. Alipopimwa, muuguzi alimrudisha kwenye vidonge siku ile ile. Leo anaendelea vizuri, ashukuriwe Mungu. Kopo bado liko kwenye kabati lake, tupu, anawekea chumvi.

Sitaki kumwambia mtu mzima asinywe anachotaka kunywa. Ila mama, baba, usiache dawa ya kituo cha afya kwa ajili ya kopo, na kama unakunywa, mwambie muuguzi, maana uyoga huo unaweza kugongana na dawa za kulainisha damu. Na watoto wasichemshe sikio la mti walilookota. Masikio mengi ni magumu tu, hayaliki, lakini "mengi" sio neno la kumpa mtoto anywe. Kwa uyoga wa kula, tununue au tupande. Imigina inafundishwa hapa nchini toka zamani. Kituo cha Rubona, Huye, ambacho Wachina na Wanyarwanda walikifungua mwaka 2011, kimefundisha wengi kulima uyoga, na kuna familia mtaani ambazo zinaweka imigina chini ya kitanda na kupata mboga.

MTI ULIO KARIBU NA NYUMBA

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko kopo. Kilima cha Kinyinya wazee wanakijua kwa ile minara ya redio ya Deutsche Welle iliyokuwa hapa mpaka 2015, wengine wetu tulilelewa na sauti za Kiswahili za redio ile. Ni kilima, na kina upepo. Miti ipo kati ya nyumba: inturusu, gereveriya, avoka, misave, mivumu ya zamani. Watoto wanacheza chini yake, na sisi walimu tunafundishia kivulini.

Uyoga unaokula mbao una njia mbili. Kuna wanaokula kila kitu, hata ile gundi ngumu ya mbao inayoitwa lignini. Mbao inabaki nyeupe, laini, yenye nyuzi nyuzi kama sponji. Ganoderma na Trametes ni wa njia hiyo. Wengine wanakula selulosi na kuacha lignini karibu yote. Mbao inabaki ya kahawia, inapasuka vipande vya mraba, ukikishika kinasagika kama biskuti kavu. Kwa vyovyote, mti unaweza kuwa na majani mabichi juu na huku mguuni umekwisha.

Kwa hiyo angalieni sikio limeota wapi. Likiwa kwenye tawi kavu juu, sio jambo kubwa, mti unajipunguza wenyewe. Likiwa kwenye kisiki, ni kazi nzuri, linarudisha kisiki kuwa udongo. Lakini likiwa chini kabisa, pale shina linapoingia ardhini, au juu ya mizizi, ujue kuvu yuko kwenye mizizi, na mizizi ndiyo inayoushika mti siku ya upepo. Gonga shina kwa jiwe usikilize kama linalia kama ngoma. Angalia kama udongo umeinuka upande mmoja, kama mti umeanza kulala, kama kuna vumbi ya kahawia imetapakaa juu ya majani yaliyo chini. Mtaona hayo zaidi mvua za Machi hadi Mei. Ukiona hivyo, usipande na panga mwenyewe. Mwambie kiongozi wa mtaa au kamati, mti wa watu haukatwi bila ruhusa, na mti uliooza unaangukia upande autakao wenyewe. Wakati mnasubiri, hamisheni watoto, kamba za nguo na mbuzi. Darasa letu lilihama kivuli kimoja kwa sababu hiyo, na mzazi mmoja akalalamika kwamba kivuli kipya ni kidogo. Ni kidogo kweli.

Nguzo za nyumba zinaliwa hivyo hivyo, na zinaanzia pale zinapogusa udongo. Kuvu hawezi kula mbao kavu. Ikiwa na maji chini ya asilimia 20 anashindwa. Basi toeni maganda, kausheni nguzo kabla ya kusimamisha, na ikiwezekana ikae juu ya jiwe, isizikwe. Maji ya kuogea yasimwagwe ukutani. Na mama anayenunua kuni, anyanyue mzigo kwanza: kuni iliyoliwa na kuvu ni nyepesi, inawaka haraka na kuisha, maana sehemu ya moto wake imeshaliwa. Makala yake nayo (wenzetu wa Tanzania wanasema mkaa) ni mepesi na yanasagika. Bei yake isilingane na ya kuni nzito.

Ila zamani kuna waliolibeba sikio kwa ajili ya moto huo huo. Mwaka 1991, kwenye barafu ya milima mpakani mwa Italia na Austria, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa miaka kama 5,300 iliyopita. Katika vitu vyake kulikuwa na sikio la mti la aina mbili: moja la kushikia cheche za moto, na vipande vya lingine alivyokuwa amevifunga kwenye kamba ya ngozi, pengine kwa dawa. Aliyatofautisha bila Linnaeus na bila hadubini.

Watoto wa darasa la tano na la sita, kazi yenu ya mwezi ni hii. Mkiona sikio, msilichune. Andikeni kwenye daftari: mti gani, uko hai au umekufa, sikio liko chini, katikati au juu, na chini yake kuna vitundu, kurasa au hakuna kitu. Anayeweza aweke karatasi nyeupe chini ya sikio jioni, aishike kwa jiwe, aitazame asubuhi. Ganoderma litaacha vumbi ya kahawia. Trametes litaacha nyeupe, na nyeupe juu ya nyeupe haionekani, kwa hiyo wekeni na kipande cha karatasi nyeusi pembeni. Mkimaliza nawa mikono. Wazazi watakaoonyeshwa sikio lililo mguuni mwa mti wasisubiri daftari zikusanywe, waje waniambie siku hiyo hiyo, twende pamoja kwa kamati.